Allidina Visram: Mwenye Maduka Kutoka Bagamoyo Hadi Kongo

Wapitao katika bustani ya Treasury Square, kisiwani Mombasa, huiona sanamu ya mzee mmoja wa Kihindi iliyozinduliwa hapo mwaka 1937. Vijana wengi wa leo hawamjui mzee huyo ni nani. Walijualo ni jina lake tu, kwa kuwa ndilo jina la shule ya sekondari kongwe mjini humo. Jina lenyewe ni Allidina Visram.

Sisi Waislamu hatuna desturi ya kuwakumbuka maiti wetu kwa masanamu. Twapenda zaidi kumwombea dua aliyetangulia, na kutazama ni jambo gani la manufaa aliloliacha nyuma yake. Kwa hiyo leo tuiache sanamu mahali pake, tumtazame mtu mwenyewe: alitoka wapi, alifanya nini, na kwa nini mali yake iliyoenea kutoka pwani yetu hadi Kongo haikudumu hata miaka kumi na mitano baada ya kufa kwake.

Habari zake zafaa zikumbukwe hasa wakati huu, kwa sababu jambo alilolifanya yeye kwa miguu na kwa daftari siku hizi limekuwa elimu ya vyuoni. Wanazuoni wa biashara hufanya utafiti juu ya biashara za kimataifa, na juu ya namna ya kuongoza kazi penye watu wa mila, lugha na dini mbalimbali. Elimu hiyo haifundishwi Ulaya na Marekani peke yake. Hata kule Thika, mji wa viwanda ulio kaskazini ya Nairobi, kiko Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2011, na masomo ya biashara ni miongoni mwa yafundishwayo humo. Mwanafunzi wa chuo hicho akishuka mpaka mtaa wa Kiganjo (Kiganjo hii ya Thika, wala si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi) ataiona elimu hiyo katika maduka madogo ya mtaani, ambako muuzaji na mnunuzi huwa si wa kabila moja na hupatana kwa Kiswahili. Wala hapana haja ya kutafuta mifano ya mbali. Mfano mkubwa kuliko yote ulianzia hapa petu pwani, mjini Bagamoyo.

MTOTO WA KERA

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Jamaa zake walikuwa Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Kutch ni nchi kavu, yenye mvua haba, na watu wake tangu zamani wameitegemea bahari. Majahazi yao yalikuwa yakija kwetu kwa pepo za kaskazi na kurejea kwao kwa pepo za kusi, na hapakuwa na mji wa maana katika mwambao huu usiokuwa na mfanyabiashara wa Kikutchi.

Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 tu, Allidina alivuka bahari. Hakuwa na mali wala cheo. Zama hizo Unguja ilikuwa chini ya Seyyid Majid bin Said, na Bagamoyo, iliyo ng'ambo yake upande wa bara, ndiyo ilikuwa mlango wa njia kuu ya misafara iendayo Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo, shanga na masango ya shaba zikapanda. Safari moja ilichukua miezi, na mtu aliyetoa mali yake Bagamoyo hakujua kwa yakini kama ataiona tena.

Hapo ndipo kijana huyu alipoingia kazini kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Khoja mwenzake. Jina la Sewa Haji si geni kwa watu wa Dar es Salaam, kwa kuwa mpaka leo katika hospitali ya Muhimbili kuna jengo linaloitwa Sewahaji. Yeye alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali katika mji huo, na akajenga shule Bagamoyo. Lakini kazi iliyompa utajiri ilikuwa ni kuitengeneza misafara: kutafuta wapagazi, kuwapa wasafiri shehena zao, kuwakopesha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili bidhaa za kwenda nazo bara, na kungoja.

DARASA LA SHANGA

Tukizungumza juu ya kuongoza kazi katikati ya watu wa mila mbalimbali, hatuna budi kuyatazama mambo yaliyofundishwa katika bohari ya Bagamoyo siku hizo. Chukua mfano wa shanga. Mtu asiyejua hudhani shanga ni shanga. Lakini kila nchi ya bara ilikuwa na shanga yake. Mahali hapa watu walitaka shanga nyekundu ziitwazo sami-sami, pale mbele walizikataa na kutaka nyeupe, na kwingine hawakutaka ila za rangi ya buluu. Tena mitindo ilibadilika, na shanga iliyokuwa fedha mwaka jana yaweza kuwa takataka mwaka huu. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ulikuwa katika hatari ya kufa njaa katikati ya vyakula tele, kwani wenye chakula hawakukubali kuuza.

Na nguo ni vivyo hivyo. Kulikuwa na merikani, kulikuwa na kaniki, kulikuwa na vitambaa vya rangi vya Maskati na vya Bara Hindi, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake na mtu wake. Kulikuwa pia na hongo. Neno hili siku hizi limekuwa na maana mbaya ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ni ada halali iliyotolewa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Kiasi cha hongo, na adabu ya kuitoa, vilikuwa ni elimu kamili. Aliyetoa kwa dharau alifungiwa njia, na aliyetoa kupita kiasi aliwaharibia wenziwe waliomfuata.

Elimu hii haikuwa katika kitabu. Ilikuwa katika vichwa vya Waswahili wa mwambao na Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa viongozi wa misafara na wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na wengine walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao. Jambo hilo nalo tusilifiche. Karani wa Kihindi aliyekaa Bagamoyo bila kuwasikiliza watu hawa hakuweza kujua afungashe nini. Allidina aliwasikiliza, na Kiswahili, lugha iliyopanda bara kwa miguu ya wapagazi, kikawa ndiyo lugha ya biashara yake mpaka alipofikia mwisho wa maisha yake.

DUKA LIKAFUATA NJIA

Baada ya mwaka 1877 Allidina alianza kufanya biashara kwa nafsi yake. Alinunua pembe, nta na asali kutoka bara, akauza nguo, chumvi na nafaka. Lakini hakufuata mtindo wa wakubwa waliomtangulia. Wao walikaa pwani na kuipeleka mali bara kwa mikono ya wengine, kisha wakangoja msafara urudi. Yeye aliona bora kuliweka duka huko huko mali inakotakiwa. Akafungua matawi Dar es Salaam na Saadani, na baadaye Tabora na Ujiji, penye ziwa Tanganyika.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Kwa hakika lilikuwa badiliko kubwa. Msafara huja na kuondoka, lakini duka hukaa. Mwenye duka huwajua majirani zake kwa majina, huhudhuria misiba yao, hujua ni nani mwenye kulipa na ni nani mwenye maneno matamu. Tena mteja naye humjua yeye. Akimpunja leo kwa mizani, kesho hatamwona dukani. Hivyo duka lilimlazimisha mgeni aishi na wenyeji, jambo ambalo msafara haukulitaka.

Nyakati zenyewe hazikuwa tulivu. Wadachi waliingia katika mwambao wa Mrima, na vita vya Abushiri bin Salim vya mwaka 1888 na 1889 viliitikisa Bagamoyo na Pangani. Kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890, Waingereza na Wadachi waliigawanya Afrika ya Mashariki baina yao, na ng'ambo ya maziwa ilikuwako Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Njia ambayo zamani ilikuwa moja ikawa inapita katika dola tatu zenye sheria tatu na forodha tatu. Wafanyabiashara wengi wa pwani walishindwa hapo. Allidina alijifunza kuishi na wote.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Allidina akashika sehemu kubwa ya kazi ile ya misafara. Lakini wakati huo huo jambo jipya lilikuwa limekwisha anza upande wa Mombasa. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli ya kwenda Uganda. Ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901. Allidina alielewa mapema kuliko wengi kwamba reli hiyo itaiua njia ya Bagamoyo. Mzigo ambao mpagazi aliubeba kiasi cha miezi mitatu kutoka pwani hadi Uganda, gari la moshi litaufikisha ziwani kwa siku chache. Basi akauhamishia Mombasa mlango wa biashara yake, na maduka yake yakafuata reli kituo kwa kituo, kisha yakavuka ziwa Viktoria mpaka Kampala, Entebbe na Jinja. Ziwani aliweka mashua zake mwenyewe za kubebea mizigo. Ilipofika mwaka 1904 matawi yake yalikuwa yamepita 30.

AMANA NA DAFTARI

Sasa tuulize swali ambalo wanazuoni wa uongozi wa biashara huliuliza mpaka leo. Mtu aliyeko Mombasa, asiyekuwa na simu ya mkononi wala ndege, aliwezaje kuyaongoza maduka yaliyotawanyika katika nchi tatu, kati ya Wanyamwezi, Waganda, Wajaluo na watu wengineo?

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Alimchukua kijana kutoka Kutch au Gujarat, mara nyingi wa jamaa au wa jamaati yake, akamweka kwanza kama karani katika duka kubwa ajifunze mizani, Kiswahili na daftari. Kisha akampa bidhaa kwa mkopo akafungue duka mbali. Kijana aliuza nguo, chumvi, sukari na mafuta, akanunua ngozi, pembe, ufuta, karanga na mazao mengineyo, akayapeleka katika tawi kubwa ili yahesabiwe katika deni lake. Aliyekuwa mwaminifu aliongezewa mali, na wengi wa vijana hao hatimaye walijitegemea wakawa na maduka yao wenyewe.

Wasomaji wetu wataona kwamba jambo hili si geni katika dini yetu. Ni ndugu wa ule mwamala uitwao mudharaba, ambao mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi, na baina yao hapana kifungo kikubwa kuliko uaminifu. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali ya Bi Khadija kwenda Sham, akarudi na faida na jina la uaminifu. Mwenye kutuma mali yake katika nchi ya mbali hana macho ya kuona wala mkono wa kufika. Lililoko ni amana.

Lakini amana peke yake haikutosha. Ilikuwako na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila duka liliandika hesabu zake kwa maandishi ya Kihindi, na hesabu hizo zilifuatwa. Mlangoni palisemwa Kiswahili, ndani ya daftari paliandikwa lugha ya nyumbani. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Daftari lilikuwa la watu wa ndani tu. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

RUPIA NA ZAO LA BIASHARA

Maduka hayo yalileta pia fedha. Uganda kabla ya hapo watu walitumia kauri. Serikali ya Kiingereza, kwa mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ilitoza kodi ya nyumba ya rupia 3, na mtu wa shamba alikuwa hana rupia. Wapi ataipata? Kwa mwenye duka. Alipeleka ngozi ya mbuzi au kikapu cha ufuta, akarudi na rupia ya kodi na pengine na doti ya merikani. Rupia hiyo ya Kihindi iliendelea kutumika Kenya na Uganda mpaka miaka ya 1920 na 1921, ilipoingia florini na kisha shilingi.

Serikali yenyewe ilimtegemea. Maafisa waliokaa vituo vya mbali, penye askari na mabomba lakini hapana benki wala soko, walipata mahitaji yao na hata fedha taslimu kwa kupitia maduka ya Allidina. Waingereza wa Uganda walifika kumhesabu kama mfalme asiye na taji. Yeye naye hakusimama katika duka tu. Baada ya zao la pamba kuanza kuenezwa Uganda mwaka 1903 na 1904, alijenga kiwanda cha kuichambua. Aliweka viwanda vya kushindika mafuta, vya sabuni na vya samani, na akanunua mashamba, akijaribu mpira, miwa na mazao mengineyo. Kwa mtu aliyefika na mikono mitupu hayo yalikuwa makubwa.

Na mkono wake haukuwa mzito wa kutoa. Imamu wa Ismailia, Aga Khan, alimpa cheo cha Varas kwa utumishi wake katika jamaa. Lakini hakutoa kwa jamaa yake tu. Aliwasaidia hata Wakristo wa Kampala katika ujenzi wa kanisa lao kuu la Namirembe. Watu wengine wataliona hilo ni siasa ya biashara. Yaweza kuwa hivyo. Na hata hivyo ni siasa njema kuliko ile ya mtu akaaye katika nchi ya watu miaka 40 asiwajengee hata kisima.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Mizani ina sahani mbili, na mwandishi wa haki huzitazama zote. Katika sahani ya kwanza tumeweka chumvi, nguo, rupia, soko la mazao, na ujasiri wa kwenda mahali ambapo wakubwa wa Kizungu hawakuthubutu kuweka duka. Katika sahani ya pili kuna jambo moja zito: Mwafrika alifika mpaka kwenye meza ya duka, na hapo akasimama.

Alikuwa mteja, alikuwa mpagazi, alikuwa mwenye kuleta mazao, alikuwa mfanyakazi wa shamba. Ndani ya daftari hakuingia. Mkopo wa bidhaa, ambao ndio uliomfanya kijana maskini wa Kutch kuwa mwenye duka, ulipitia kwa jamaa na jamaa. Na serikali za kikoloni zikaufunga mlango huo kwa sheria: kwa mfano, Tanganyika mwaka 1923 ilitungwa sheria ya kuzuia kuwakopesha Waafrika, kwa hoja ya kuwalinda wasizame katika madeni. Kulindwa huko kulimnyima Mwafrika ngazi ile ile ambayo Allidina aliipanda.

Hatuwezi kumtwisha mtu mmoja dhambi za dola. Allidina hakuzitunga sheria hizo, na nyingine zilikuja yeye yuko kaburini. Lakini mtindo aliousimamisha, wa mlango wazi na daftari lililofungwa, ulirithiwa na maelfu ya maduka katika nchi zetu, na uchungu wake ulirithiwa pia. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, watu wengi waliokuwa hawana kosa lolote walipoteza nyumba, maduka na nchi. Ulikuwa ni udhalimu mkubwa, na uchumi wa Uganda ulianguka vibaya baadaye. Lakini mtu anayetaka kujua kwa nini wako waliopiga vigelegele siku ile, na alitazame daftari.

MWISHO WA DOLA YA MADUKA

Katika uzee wake Allidina hakukaa kitako kuhesabu faida. Aliendelea kuyazungukia matawi yake mwenyewe, na safari iliyomwishia ilikuwa ya Kongo. Huko alipata homa, na tarehe 30 Juni 1916, wakati vita vikuu vya kwanza vikiwaka baina ya Waingereza na Wadachi katika njia zile zile alizozipitia ujanani, akafariki dunia. Umri wake ulikuwa wa miaka 65. Ametumia 53 kati ya hiyo katika Afrika ya Mashariki.

Kazi ilirithiwa na mwanawe, Abdulrasul. Huyo naye hakupewa umri mrefu. Alifariki mwaka 1923. Kutoka hapo ile nyumba kubwa ya biashara ikaporomoka, na kabla ya miaka ile ya 1920 kwisha maduka yaliyokuwa na jina la Allidina yalikuwa yamekwisha kutawanyika katika mikono ya wengine.

Kwa nini? Vita viliziba njia, bei zikapanda na kushuka, na fedha ikabadilishwa. Hayo yote yana sehemu yake. Lakini tukiyatazama kwa makini twaona sababu iliyo ndani zaidi. Kifungo kilichoyaunganisha maduka yale kilikuwa ni uaminifu kwa mtu mmoja. Wakala aliyekuwa Ujiji alilipa deni lake kwa sababu alimjua mzee, na mzee alimjua yeye na baba yake. Mtu akifa, ule uaminifu hauandikiki katika wasia. Nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja, hata nguzo ikiwa ya mninga, siku nguzo hiyo ikiondoka haina budi kuanguka.

Kilichosalia ni kile alichokitoa mwanawe kwa ajili ya roho ya baba yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 Abdulrasul alitoa fedha, ikajengwa Mombasa shule yenye jina la Allidina Visram. Kwa ubaguzi wa zama zile ilikuwa ni shule ya watoto wa Kihindi. Leo vijana wa kila kabila na kila dini husoma humo, Mswahili wa Kibokoni na Mkamba na Mjaluo, na labda mjukuu wa mpagazi aliyebeba shehena ya Allidina. Maduka zaidi ya 30 yamekwenda. Shule moja imebaki. Mwenye akili na azingatie.

KUTOKA BAGAMOYO HADI KIGANJO

Sasa na turudi kule Thika tulikogusia mwanzo. Mwaka 1913 tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika kwa kupitia Ruiru, na duka likafuata njia kama lilivyofuata kote. Thika ikawa mji wa viwanda na wa mananasi, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi. Mitaa kama Kiganjo ikakua kando yake. Humo mwenye kibanda aweza kuwa Mkikuyu na mteja wake Mluhya, Mkamba au Mswahili aliyehamia huko kwa kazi. Na ikifika katikati ya mwezi, mshahara umekwisha, ndipo daftari la mkopo linapofunguliwa. Swali la muuzaji wa Kiganjo ni lile lile la mzee wa Kera: nimwamini nani, kwa kiasi gani, na nimjue vipi mtu asiyekuwa wa kwetu?

Wanazuoni wamejaribu kulijibu kwa hesabu. Aliyevuma zaidi ni Mholanzi Geert Hofstede, aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1980. Yeye alitegemea hojaji zaidi ya 116,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi duniani kati ya mwaka 1967 na 1973, akazipa nchi alama: hapa watu huwanyenyekea wakubwa zaidi, kule kila mtu hujitegemea. Ni kazi iliyowafungua macho wengi. Lakini katika hesabu zake Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia zilitiwa katika fungu moja, likaitwa Afrika ya Mashariki. Basi mtu wa Lamu na mtu wa Kiganjo, Mmakonde na Mhabeshi, wote wakapata alama moja!

Karani mdogo wa Bagamoyo asingaliweza kufanya hivyo, kwani angalipeleka shanga nyeupe mahali patakiwapo nyekundu. Hilo ndilo fundisho la kwanza la maisha ya Allidina Visram: watu hawajulikani kwa mafungu, hujulikana kwa kukaa nao. Fundisho la pili ni zito zaidi. Kumwuzia mtu si sawa na kushirikiana naye. Mgeni aliyejua lugha ya wenyeji, chakula chao, misiba yao na bei zao, akapata faida kwao kwa miaka 50, bado aliacha mlango mmoja umefungwa, na mlango huo ndio uliokuja kuwagharimu wengine waliokuja baada yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Allidina alikuja, na wenyeji walipata chumvi, nguo na rupia. Wafanyabiashara wa leo, awe Mchina wa Nairobi, Mturuki wa Dar es Salaam, au kijana wetu wa Mombasa aliyefungua duka Dubai au Guangzhou, wanayo nafasi ya kufanya lile ambalo mzee huyo hakulikamilisha: kumpa mwenyeji bidhaa, na pia kumfungulia daftari. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko marejeo ya kila mwenye mali na asiye na mali.